Maziwa Kunywa, Ng'ombe Si Wako

Wewe uliyetoka shambani Magugu jembe likiwa bado begani, wewe dereva uliyeegesha gari pale stendi ukisubiri abiria wa Singida au wa Kondoa, wewe mama unayesonga ugali huku redio ikiwa dirishani, karibuni nyote katika mazungumzo yetu ya jioni kutoka hapa Babati mjini. 

Leo tuzungumze juu ya uongozi wa nchi. Tafadhali, usibadilishe stesheni. Sikuja kukupangia umpende nani au umkatae nani. Nimekuja na swali moja tu. Sisi ni watu wa sala. Ijumaa msikiti umejaa, Jumapili makanisa yamejaa, na hata wazee wetu wa zamani, kabla ya vitabu kufika, hawakuanza jambo kubwa bila kumtaja Mungu. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala, na viongozi wanatajwa humo mapema kabisa. Sasa, imani hizi zetu zinasemaje kuhusu mtu anayeongoza wenzake? Zinamtaka aweje ili tuseme, huyu ana haki, huyu ana huruma?

Kulijibu swali hilo, naomba nianzie zizini. Nivumilie kidogo, utaona tunakokwenda.

Nimekulia upande wa Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wafugaji wa kwetu wana desturi ya zamani. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja, maana ugonjwa ukiingia utamaliza wote. Wengine anawakabidhi kwa rafiki au jirani asiye na kitu. Masharti yanajulikana hata bila karatasi: maziwa utakunywa wewe na watoto wako, samadi utapeleka shambani kwako, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama atakayezaliwa ni wa mwenyewe.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa namna hiyo, wa mzee mmoja wa kule juu, Bashanet. Masika fulani, mimi nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, yule ng'ombe alitoka usiku akatumbukia korongoni. Tulimkuta asubuhi ameshakufa. Baba alimchuna, akaikunja ile ngozi, akaitwika begani, akaniambia nibebe kengele yake. Tukapanda mlima. Ngozi mbichi ni nzito, msikilizaji, na nzi walitufuata njia nzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kuishika ile kengele vizuri isilie, maana kila ilipolia baba alikuwa anageuka, uso wake unabadilika.

Tulipofika, mzee hakusema neno. Aliitandaza ngozi kwenye majani, akapiga goti, akaitafuta alama yake mpaka akaiona. Ndipo akaanza kuuliza. Amekufa lini? Nani alifunga lango usiku ule? Ndama wake yuko wapi? Baba alijibu kila swali, na lile la lango alisema, "Nililifunga mimi, na sikulifunga vizuri." Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Umeleta ngozi. Basi wewe bado ni mchungaji wangu." Mwaka uliofuata alimpa mtamba mwingine.

Tukiwa tunashuka nilimuuliza baba, kwani ingekuwaje tungesema ameibiwa? Akanijibu kwa maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Maziwa kunywa, ng'ombe si wako."

Msikilizaji, naomba uyashike maneno hayo, maana ndiyo nitakayoyarudia jioni hii. Maziwa kunywa, ng'ombe si wako.

Sasa twende kwenye jambo letu. Nina mambo manne. La kwanza ni amana, la pili ni haki, la tatu ni huruma, na la nne ni kuleta ngozi.

Tuanze na amana.

Katika Uislamu neno lenyewe ni hilo hilo. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, waumini wanaamrishwa wazirudishe amana kwa wenyewe, na wanapohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Angalia, mambo hayo mawili yamewekwa katika aya moja. Na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kila mtu ni mchunga na kila mtu ataulizwa juu ya alichopewa akichunge. Kiongozi juu ya watu wake, baba juu ya nyumba yake, mama juu ya watoto wake, hata mtumishi juu ya mali ya tajiri wake.

Ukigeukia Biblia, nabii Ezekieli, sura ya 34, anawakemea wachungaji wa Israeli. Mashitaka ni haya: wanakula walionona na kuvaa sufu, lakini aliye mgonjwa hawakumtibu, aliyevunjika hawakumfunga, aliyepotea hawakumtafuta. Halafu Mungu anasema jambo la kutisha, kwamba kondoo ni wake, na atawadai mikononi mwao.

Umesikia? Dini mbili, na zote zimefika zizini. Si ajabu basi kwamba hata kiongozi wa kanisa tunamwita mchungaji. Na sisi watu wa Manyara hatuhitaji mtu wa kutufafanulia mchungaji ni nani. Tunamjua. Anajua yupi anachechemea, yupi ana mimba. Na tunajua pia kwamba jioni, mwenye mali anasimama langoni anahesabu.

Waasisi wa nchi hii walilijua hilo. Katika ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwamo ile ya kwamba cheo ni dhamana. Dhamana, amana, ni ndugu hao. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa mtu wa misa, mwezi wa Oktoba 1966 aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni ya kibepari, asiwe na nyumba za kupangisha. Ukiyatazama masharti hayo kwa jicho la mfugaji, yanasema nini? Maziwa kunywa, ng'ombe si wako. Mshahara ni maziwa, kunywa, ni haki yako, umefanya kazi. Gari la ofisi ni maziwa. Lakini usichinje, wala usiuze ndama gizani.

Masharti yale yalilegezwa mwaka 1991 kwa uamuzi uliofikiwa kule Zanzibar. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali zake. Wengine huliona tamko lile kama fomu ya kujaza tu. Mimi naliona ni hesabu ya jioni. Ni ndama kupitishwa langoni mmoja mmoja. Kiongozi anayemwogopa Mungu hatasubiri kukumbushwa kuijaza.

Hilo ni la kwanza, msikilizaji: uongozi ni amana. La pili ni haki.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kuna habari ya mtu mmoja aliyeitwa Nabothi. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitaka shamba lile alime mboga. Na tumtendee haki Ahabu: mwanzoni aliongea vizuri. Alisema nitakupa shamba jingine bora kuliko hilo, au nitakulipa fedha. Nabothi akakataa kwa sababu moja tu. Ni urithi wa baba zangu. Mfalme akalala na hasira, hata chakula akakataa. Mkewe Yezebeli akachukua karatasi, akaandika barua kwa jina la mfalme, akapiga muhuri. Wazee wakaitwa kikao. Mashahidi wa uongo wakapatikana. Nabothi akapigwa mawe mpaka akafa, na shamba likachukuliwa.

Umeona pale? Barua ilikuwapo, muhuri ulikuwapo, kikao kilikaa, mashahidi walisema. Kila kitu kilifuata utaratibu, isipokuwa haki. Ndiyo maana imani haimalizi swali lake kwenye karatasi. Nabii Eliya alitumwa amkute mfalme pale pale shambani amuulize.

Je, hapa kwetu hatujapata kuwa na swali la Nabothi? Tulikuwa nalo, na wazee wanalikumbuka. Zamani Babati na Hanang zilikuwa wilaya moja, mpaka mwaka 1985. Katika tambarare za Basotu, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 na kuendelea, serikali ikisaidiwa na Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO. Yalifika saba, yakachukua takriban ekari 100,000. Ardhi ile ilikuwa malisho ya ndugu zetu Wabarbaig. Ilikuwa na njia zao za kwenda majini na penye chumvi, na ilikuwa na makaburi ya wazee wao, yale yanayoitwa bung'eda, ambayo kwao ni mahali pa kuomba. Matrekta yalipita. Wananchi wakaenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikaugeuza, ushindi ukaenda kwa NAFCO.

Sisemi kwamba aliyeanzisha mashamba yale alikuwa Ahabu. Nchi ilihitaji mkate, na waliopanga walidhani wanalisha taifa. Hapo ndipo penye somo, msikilizaji. Nia njema haikulizuia trekta kupita juu ya kaburi. Kiongozi anaweza kulipenda taifa zima akamsahau mtu mmoja aliyesimama mbele ya trekta ameshika fimbo, anaonyesha kwa kidole kwamba hapa amelala babu yake. Kwa serikali pale palikuwa pori tupu. Kwa yule mzee palikuwa kama kanisa, kama msikiti.

Haki inayofundishwa na imani inaanza na kuuliza: hapa ni kwa nani? Nani alikuwapo kabla yetu? Nani hana lugha ya kuongea na ofisi? Baadaye mashamba yale yalivunjwa, sehemu ya ardhi ikarudi kwa wananchi, nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Lakini kaburi lililolimwa, hata ukimrudishia mtu ekari zake, alama ya baba yake ataitafuta wapi?

Basi la pili ni hilo: haki. Turudie kidogo kabla hatujaendelea. Kwanza amana, ng'ombe si wako. Pili haki, ng'ombe wa maskini asichukuliwe hata kama karatasi ina muhuri. Sasa la tatu, huruma.

Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023 nadhani hakuna mtu wa Manyara aliyeisahau. Alfajiri, Mlima Hanang uliachia tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa hali ya hewa. Alikatisha safari, na siku chache baadaye akawa Katesh, amesimama kwenye tope lile lile. Ninyi mlichanga. Nguo zilitoka Babati, unga ulitoka, mablanketi yalitoka, na sikusikia mtu akiuliza mfiwa ni wa dini gani. Walionusurika walilala madarasani. Baadaye serikali ikawajengea nyumba eneo la Waret. Na Waret, msikilizaji, ni jina lile lile la moja ya yale mashamba saba ya ngano. Ardhi hii ina kumbukumbu ndefu. Jina moja limebeba tope la trekta na limebeba paa la mfiwa.

Huruma ya kiongozi, basi, tunaijua kwa miguu yake. Anakwenda. Waislamu mnasimulia habari ya Khalifa Umar bin Khattab, aliyekuwa akizunguka Madina usiku. Akamkuta mama amebandika chungu, ndani maji matupu, watoto wanalia wakidhani chakula kinaiva. Umar akarudi mbio kwenye ghala, akajitwika gunia la unga. Msaidizi wake akataka kumpokea, naye akakataa, akamuuliza kama siku ya Kiyama pia atambebea mzigo wake. Yesu naye, usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, alichukua beseni na kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Miguu, msikilizaji! Miguu ya watu waliotembea vumbini siku nzima.

Lakini naomba tusiishie kwenye gunia, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Kuna habari nyingine ya Umar ambayo naipenda zaidi. Alikuwa amepanga posho itoke hazina kwa kila mtoto aliyeacha kunyonya. Usiku mmoja akasikia mtoto analia, analia, hanyamazi. Akamuuliza mama, mbona humtulizi mwanao? Mama, bila kumjua anaongea na nani, akamwambia anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho mpaka mtoto aachishwe. Asubuhi ile Umar alisalisha huku analia, watu wakashindwa kuisikia vizuri sauti yake. Kisha akabadilisha amri: posho itoke tangu mtoto anazaliwa.

Unaona tofauti? Gunia la unga lilimshibisha mama mmoja usiku mmoja. Amri mpya iliwashibisha watoto ambao Umar hatawaona kamwe. Huruma ya taifa inabidi ifike huko, iingie kwenye sheria na kwenye bajeti. Kuja kutoa pole Katesh ni huruma. Kupanda miti mlimani, kuchimba mitaro ya maji, kuangalia nani amejenga kwenye njia ya mafuriko na kumpatia mahali pengine kabla ya masika, hiyo nayo ni huruma, ingawa haina kamera. Mama mjamzito wa kijijini kufika kwenye zahanati akakuta mkunga na dawa, hiyo ni huruma. Mzee wa baraza la kata kumsikiliza mjane mpaka mwisho anapomsuluhisha na mashemeji juu ya shamba, hiyo pia ni huruma.

Tumefika la nne na la mwisho: kuleta ngozi.

Ng'ombe hufa, msikilizaji. Hata mchungaji mwema atafiwa na ng'ombe. Imani haimtaki kiongozi asikosee kabisa. Inamtaka asifukie ngozi.

Katika nchi yetu yupo aliyeleta ngozi. Katikati ya miaka ya 1970, watu waliokamatwa na vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, wengine wakafa mikononi mwa waliowashika. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwapo pale. Hakuagiza. Angeweza kusema, waulizwe walio chini yangu. Lakini alijiuzulu. Kwa maneno ya zizini, alisema lango lilikuwa langu. Wapo waliodhani safari yake imeishia pale. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki, tarehe 29 Februari 2024, miongoni mwa mambo watu waliyoyataja kwanza ni kule kujiuzulu. Umeleta ngozi, basi wewe bado ni mchungaji wangu.

Mfalme Daudi alikuwa mchungaji kweli kweli, wa kondoo. Alipokuwa mfalme akamchukua mke wa askari wake, na yule askari akaachwa afe vitani. Nabii Nathani akamwendea. Hakwenda na matusi. Alikwenda na hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja wa pekee. Daudi akawaka hasira, akasema mtu huyo anastahili kufa. Nathani akamwambia, mtu huyo ni wewe. Na Daudi hakumfunga Nathani. Alisema, nimetenda dhambi. Akaleta ngozi.

Hapo, viongozi wetu wa dini, na ninawaheshimu sana, naomba niwaambie kwa upendo. Taifa lina haja ya Nathani. Nathani alikuwa mtu wa jumba la mfalme, akipokelewa, akiheshimiwa, na bado alisema. Hata Mwalimu Nyerere tunayemsifu, ambaye Kanisa Katoliki limefungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, wakati wake ndipo watu wengi walipohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na wakati wake ndipo ngano ilipoingia Basotu. Yeye mwenyewe, akiongea na masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970, alisema Kanisa lisipojiunga na mapambano dhidi ya mifumo inayowanyonga maskini, litakuwa halina maana kwa watu. Maana yake alitaka aulizwe. Mchungaji mwema naye anahitaji mtu wa kusimama langoni.

Na wewe, msikilizaji, na mimi? Serikali yetu haina dini, lakini watu wake wana dini, na kila mmoja wetu ni mchunga wa kitu. Nani anafunga lumbesa sokoni, gunia la mbaazi linalofurika mpaka limevaa kofia, mkulima alipwe kwa gunia moja? Huyo naye ameshika ng'ombe wa mtu. Nani alipokea kanga na kilo ya sukari wakati wa uchaguzi akauza kura? Huyo ameuza ndama aliyekuwa si wake, kwa maana kura ile ilikuwa ya watoto wake pia. Ukishamwuzia mtu lango, utamwambiaje ahesabiwe jioni?

Nasi tukiwauliza viongozi, tuwaulize kama yule mzee wa Bashanet. Hakumtukana baba yangu, wala hakunyamaza. Alipiga goti, akaitafuta alama, akauliza maswali matatu. Na kiongozi akiulizwa hivyo, asimwone anayeuliza kuwa adui. Anayeuliza habari za ng'ombe ni mwenye ng'ombe.

Nafunga sasa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, mzee Samweli amezeeka, ana mvi, anakabidhi uongozi. Anasimama mbele ya watu wote na kuwaambia wamshuhudie: nimechukua ng'ombe wa nani? Nimechukua punda wa nani? Ni nani niliyemwonea? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani ili nifumbe macho? Watu wakamjibu kwamba hakumdhulumu mtu yeyote. Ninapowaona viongozi wetu wakiapa, wameinua Biblia, wameinua Qur'ani, wakimwomba Mwenyezi Mungu awasaidie, huwa naiwaza siku hiyo nyingine, ya kukabidhi. Kitabu kile walichokiinua kimeshawaandikia maswali ya siku hiyo.

Turudie, ili ukalale nayo. Kwanza amana. Pili haki. Tatu huruma. Nne kuleta ngozi.

Kuhusu ile kengele: siku ile mzee aliipokea mkononi mwangu, akaitikisa mara moja, ikalia kule juu mlimani, kisha akanirudishia. Akasema, "Kaa nayo, mwanangu. Mtamfunga mtamba atakayekuja." Alimwachia mtoto wa mchungaji kengele kwa sababu mchungaji alikuwa amesema kweli. Mtamba alipokuja mwaka ule uliofuata, baba alinipa mimi nimfunge ile kengele shingoni, na usiku ule alilikagua lango mara tatu.

Mungu awajalie viongozi wetu, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji mpaka Ikulu, kulikagua lango. Usiku mwema, Babati. Usiku mwema, Manyara.